NENO + NENO = FUMBO: namna ya kufumbua hesabu za herufi

Tazama hesabu hii:

```
    NENO
  + NENO
  ------
   FUMBO
```

Kila herufi imeficha tarakimu moja, kuanzia 0 hadi 9. Kazi yako ni kuzifichua zote mpaka hesabu ikae sawa kama hesabu yoyote ya kujumlisha. Mtunzi ameongeza dokezo moja: E ni ndogo kuliko N.

Masharti ya mchezo ni machache. Herufi moja ina tarakimu ileile kila inapotokea, na herufi mbili tofauti haziwezi kuwa na tarakimu moja. Herufi inayoanza neno haiwi sifuri. Kwa kuwa tarakimu ni kumi tu, hesabu haiwezi kuwa na zaidi ya herufi kumi tofauti. Hapa tunahesabu herufi, si sauti: CH ni mbili, NY ni mbili, NG ni mbili.

Chemshabongo ya aina hii iliyo maarufu kuliko zote ni SEND + MORE = MONEY, ambayo Mwingereza Henry Dudeney aliichapisha katika jarida la Strand Magazine mwezi Julai 1924. Jibu lake ni 9567 + 1085 = 10652, na hakuna jingine. Sitaifumbua hapa, imefumbuliwa vya kutosha. Maneno ya Kiswahili yana tabia zake yakiingia kwenye hesabu, na hizo ndizo nitakazozitumia.

Kabla ya kuanza

Tafuta penseli, kifutio na daftari la hesabu lenye miraba. Andika hesabu kwa kusimamisha, herufi moja kwa mraba, na juu yake uache mstari mtupu wa namba za kubeba. Pembeni andika 0 1 2 3 4 5 6 7 8 9, uwe unakata kila tarakimu inayopata mwenyewe.

Huo mstari mtupu ndio muhimu kuliko vyote. Watu wengi wanaoshindwa hesabu hizi wanashindwa kwa sababu wanazikodolea macho herufi na kusahau kinachobebwa. Nitaita b1 kile kinachotoka kwenye mamoja kwenda makumi, b2 kutoka makumi kwenda mamia, na b3 kutoka mamia kwenda maelfu. Ukijumlisha namba mbili, kinachobebwa ni 0 au 1 tu, maana hata 9 + 9 + 1 ni 19. Ukijumlisha namba tatu, kinaweza kufika 2, maana 9 + 9 + 9 + 2 ni 29. Hakizidi hapo.

Kubahatisha hakukufikishi popote. NENO + NENO = FUMBO ina herufi saba, N, E, O, F, U, M na B, na njia za kuzigawia tarakimu ni 604,800.

Hatua ya 1: Anza kushoto kabisa

NENO ina tarakimu nne, FUMBO ina tano. Namba mbili za tarakimu nne zikijumlishwa hazizidi 9999 + 9999 = 19998. Kwa hiyo tarakimu ya tano, ikiwepo, ni 1. F = 1. Kata 1 pembeni.

Hapohapo pima urefu wa maneno, maana kuna hesabu zinazokufa kabla hujashika penseli. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini HABA + HABA = KIBABA haiwezekani hata kwa dawa: KIBABA ina tarakimu sita na HABA mbili haziwezi kuvuka tano. MOJA + MOJA = MBILI nayo haina uhai. Kwa urefu wake M lazima iwe 1, basi MOJA ni elfu moja na ushei, na ukiiongeza mara mbili hufiki hata elfu nne.

Hatua ya 2: Nenda kulia kabisa, tazama irabu

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Karibu maneno yetu yote huishia na irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo safu ya mamoja mara nyingi huwa na herufi inayojirudia. Zizoee sura hizi:

- Safu ya mamoja ikiwa X + X = X, X ni 0.
- Safu ya mamoja ikiwa X + Y = Y, X ni 0.
- Safu nyingine yoyote ikiwa X + Y = Y, X ni 0 na hakuna kilichoingia wala kutoka, au X ni 9 na imeingia 1 na kutoka 1.

Katika fumbo letu mamoja yanasema O + O = O. Basi O = 0, na b1 = 0. Kata 0.

Hatua ya 3: Linganisha safu zinazofanana

Hii ndiyo hatua inayotenganisha anayefumbua na anayebahatisha. Tafuta safu mbili zenye herufi zilezile juu lakini herufi tofauti chini. Tunazo: makumi ni N + N na chini kuna B, maelfu ni N + N na chini kuna U.

Maelfu lazima yatoe 1 ya kwenda kwa F, kwa hiyo N + N + b3 inafika 10 au zaidi. N ikiwa 4, 4 + 4 + 1 ni 9, haitoshi. Basi N ni 5 au zaidi. Lakini N hiyohiyo iko kwenye makumi, na huko pia N + N inafika 10. Kwa hiyo b2 = 1.

Sasa, kama hakuna kilichobebwa kuingia kwenye maelfu, safu ya maelfu ingekuwa sawasawa na ya makumi, na U ingekuwa sawa na B. Sharti linakataza. Kwa hiyo b3 = 1, na U = B + 1. Tumepata b2 na b3 zote bila kuijua hata tarakimu moja ya N, E, U, M wala B.

Mamia yanafuata yenyewe. E + E + 1 lazima itoe 1, maana b3 ni 1. E ikiwa 4 tunapata 9, haitoshi; basi E nayo ni 5 au zaidi.

Hatua ya 4: Sasa andika orodha, ni fupi

Kwa N:

- N = 5 inatoa B = 0, lakini 0 ni ya O. Haifai.
- N = 6 inatoa B = 2, U = 3.
- N = 7 inatoa B = 4, U = 5.
- N = 8 inatoa B = 6, U = 7.
- N = 9 inatoa B = 8, U = 9, sawa na N yenyewe. Haifai.

Kwa E, ambapo M ni tarakimu ya mwisho ya E + E + 1: E = 5 inatoa M = 1, ambayo ni ya F; E = 6 inatoa 3; E = 7 inatoa 5; E = 8 inatoa 7; E = 9 inatoa 9, inajigonga yenyewe. Zimebaki 6, 7 na 8.

Zioanishe. N ikiwa 8, E ya 6 inagongana na B na E ya 7 inagongana na U, kwa hiyo N = 8 inatoka. N ikiwa 7, E ya 8 inaleta M = 7, haifai; E ya 6 inaleta M = 3, inakaa. N ikiwa 6, E ya 7 na E ya 8 zote zinakaa. Majibu ni matatu:

6760 + 6760 = 13520
6860 + 6860 = 13720
7670 + 7670 = 15340

Dokezo lilisema E ni ndogo kuliko N. La tatu peke yake ndilo linalotii. NENO ni 7670, FUMBO ni 15340.

Hatua ya 5: Hakiki kwa kutoa tisa

Jumlisha upya kwa kawaida, kisha fanya jaribio hili la haraka. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja: 7 + 6 + 7 + 0 = 20, halafu 2 + 0 = 2. Mara mbili ni 4. Upande wa pili, 1 + 5 + 3 + 4 + 0 = 13, halafu 1 + 3 = 4. Zimelingana. Zisipolingana, kuna kosa kwa hakika. Zikilingana, bado angalia kama hakuna herufi mbili zilizoshika tarakimu moja, maana jaribio hili halioni kosa hilo.

Namba tatu kwa mpigo: MOJA + MOJA + MOJA = TATU

Hii ninaipenda kuliko zote kwa sababu ni kweli mara mbili: kwa maana ya maneno, moja tatu ni tatu, na kwa tarakimu pia.

```
    MOJA
    MOJA
  + MOJA
  ------
    TATU
```

Kushoto: mara tatu ya M, pamoja na b3, ni T, na haitoi kitu nje kwa kuwa TATU ina tarakimu nne tu. M inaweza kuwa 1, 2 au 3. M = 1 inatoa T ya 3, 4 au 5 kulingana na b3; M = 2 inatoa 6, 7 au 8; M = 3 inatoa 9 tu. Hizo ni jozi saba.

Kulia: mara tatu ya A inaishia na U. A si 0, wala si 5, maana 15 inaishia na 5 na U ingekuwa sawa na A. A ikiwa 1, 2 au 3, b1 ni 0. Ikiwa 4 au 6, b1 ni 1. Ikiwa 7, 8 au 9, b1 ni 2.

Katikati kuna siri ndogo ya jedwali la tatu. Andika 0, 3, 6, 9, 12, 15, 18, 21, 24, 27 na utazame tarakimu za mwisho: zote kumi ni tofauti. Kwa hiyo ukishaijua T na b1, J ni moja tu, huna cha kuchagua. Hilo linapunguza kazi sana.

Tuchukue M = 3, T = 9, b3 = 0 na tuipitie pole pole. Makumi: mara tatu ya J, ukiongeza b1, iishie na 9.

- b1 = 0: J ni 3, ambayo ni ya M. Imekwama.
- b1 = 2: mara tatu ya J iishie na 7, basi J ni 9, ambayo ni ya T. Imekwama.
- b1 = 1: mara tatu ya J iishie na 8, basi J ni 6. 18 + 1 = 19, b2 = 1. Kwa kuwa b1 ni 1, A ni 4 au 6, na 6 imeshachukuliwa. A = 4. Mamia: mara tatu ya O, ukiongeza 1, iwe 4 kamili. O = 1. Mwisho, 4 mara tatu ni 12, U = 2.

Jibu: 3164 + 3164 + 3164 = 9492.

Usisimame hapo. Pata jibu la kwanza, kisha endelea kama vile hujapata. Kwenye jozi ya M = 1, T = 3, b1 ikiwa 2, J inakuwa 7, b2 inakuwa 2, na mamia yanadai mara tatu ya O ukiongeza 2 iwe 8 au 9. Kwa 8, O ni 2. Basi A = 8, U = 4, na 1278 + 1278 + 1278 = 3834. Hilo ni jibu la pili.

Jozi tano zilizobaki hazina kitu, ingawa mbili kati yake zinakaribia kukudanganya. 2391 mara tatu ni 7173: T, A, T zinakaa vizuri, lakini O ni 3 na U ni 3. 2154 mara tatu ni 6462, na hapo U imekuwa 2 kama M. Ukiwa na haraka utaandika mojawapo na kufunga daftari. Hii ndiyo sababu ya zile tarakimu kumi ulizoandika pembeni.

Ukitaka kumpa mtu fumbo hili likiwa na jibu moja, mwambie J ni witiri. Inabaki 1278.

Fumbo lisilo na jibu

Kuthibitisha kwamba hakuna jibu ni ufumbuzi kamili, na wakati mwingine ni mtamu kuliko jibu lenyewe. Chukua KAKA + DADA = NDUGU.

N ni 1, kwa urefu. Maelfu ni K + D + b3, na chini kuna D, na inatoka 1. Kwa hiyo K + b3 ni 10, yaani K = 9 na b3 = 1. Sasa tazama mamoja na mamia: zote ni A + A, na zote zina U chini. Mamia yangepokea 1 kutoka makumi, tarakimu yake ya mwisho ingekuwa tofauti na ya mamoja. Basi b2 lazima iwe 0, na safu hizo mbili zinafanana kabisa, pamoja na kinachotoka: b1 ni sawa na b3, yaani 1. Rudi kwenye makumi: K + D + b1 ni 9 + D + 1, yaani 10 na D. Hiyo lazima itoe 1, lakini tumeshasema b2 ni 0. Kaka na dada hawajumliki wakawa ndugu, angalau si kwenye karatasi.

Kumbuka kwamba hatukujaribu tarakimu hata moja.

Ukitaka kutunga

Chagua maneno yanayogawana herufi. Herufi inayojirudia ndiyo inayobana hesabu. Zisipojirudia, majibu yanamwagika. TANO + TANO = KUMI inavutia kwa sababu ni kweli kwa maana, lakini ina herufi nane na hakuna inayotoka juu kwenda chini. 1728 + 1728 = 3456 inakubali, 4538 + 4538 = 9076 inakubali, na nyingine bado zipo. Kwa upande mwingine ukibana mno unaua fumbo, kama tulivyoona kwa ndugu. SITA + MOJA = SABA nayo inakufa hivyohivyo: mamoja yanalazimisha A iwe 0, mamia yanalazimika kubeba 1, na hapo maelfu yanadai S + M + 1 iwe S.

Majibu yakiwa mawili matatu, usitupe kazi yako. Tia dokezo fupi linaloacha moja: shufwa au witiri, kubwa au ndogo kuliko, au tarakimu fulani haikutumika. Dokezo linalotaja tarakimu ya herufi moja kwa moja ni la kivivu, linampa mtu jibu badala ya njia.

Kama unajua kuandika programu, kompyuta itakuhakikishia idadi ya majibu. Hata kwa herufi kumi mipangilio ni 3,628,800, kazi ndogo kwake. Itumie kukagua ulichotunga, si kufumbua ulichopewa.

Mawili ya kujaribu

MTU + MTU + MTU = WATU, na W si 1.

KUKU + KUKU = MAYAI, na mayai yawe mengi iwezekanavyo.

Kwa la kwanza, anza na U: mara tatu yake inaishia na U yenyewe, kwa hiyo ni 0 au 5. Ijaribu 5 uone T inavyokataa, maana mara mbili ya T ingelazimika kuwa witiri. U ni 0, T ni 5, na M inaweza kuwa 4, 6 au 9. Dokezo linaacha 950 mara tatu, ambayo ni 2850.

Kwa la pili, makumi na maelfu zote ni K + K na zote zina A chini. Fuata hatua ya 3 na utaona b2 ni 1, b1 na b3 zinalingana, na Y ni I + 1. Majibu yote ni tisa. Lenye mayai mengi ni 9393 + 9393 = 18786.